Kuomba Barua za Wadhamini wa Uzamivu: Niliyojifunza

Katika maombi ya uzamivu (PhD) karibu kila kitu kiko mikononi mwako. Pendekezo la utafiti utalikeshea. Transkripti utaifuata dirishani kwa msajili mpaka utoke nayo. Mtihani wa Kiingereza utaulipia, na alama zisipotosha utaurudia. Barua ya mdhamini, yaani ya mtu anayekufahamu kukupendekeza kwa chuo, haiko hivyo. Anaiandika mtu ambaye leo yuko kwenye kikao, kesho yuko Dodoma, keshokutwa anauguza, na hata ukijituma vipi huwezi kumshikia kalamu. Nimewaona wenzangu wenye GPA nzuri kabisa wakikosa nafasi kwa sababu faili lao lilifungwa likiwa na barua mbili badala ya tatu. Mfumo haukuuliza ya tatu imekwamia wapi.

Mimi niliomba vyuo vya Marekani, Uingereza na Norwei katika msimu mmoja, nikitokea kwenye uzamili wa sayansi ya uvuvi. Tasnifu yangu ilihusu dagaa wa Ziwa Victoria: kiasi gani huharibika wakianikwa mchangani, na kiasi gani huokoka wakianikwa juu ya vichanja. Mambo haya ya dagaa nitayarudia hapa chini, maana ndiyo yaliyoziokoa barua zangu.

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa kutafuta jina kubwa. "Mwombe Profesa fulani, yule akiandika, huko nje wanamjua." Profesa huyo alitufundisha shahada ya kwanza katika ukumbi mkubwa, sisi wa viti vya nyuma tukimsikia kupitia spika. Angekubali, bila shaka, kwa sababu ni mtu mwema. Lakini angeandika nini? Kwamba nilipata B+ katika somo lake na kwamba sikuwahi kuleta vurugu. La kwanza limo kwenye transkripti, na la pili halimsaidii mtu anayetaka kujua kama naweza kukaa na swali moja kwa miaka minne.

Nikaamua kutafuta watu waliowahi kuniona nikifanya kazi, hasa kazi inapoharibika. Wa kwanza alikuwa msimamizi wangu wa uzamili, ambaye aliwahi kunirudishia sura ya tatu ikiwa imejaa wino mwekundu na kuniambia nianze upya. Wa pili alikuwa mtafiti wa uvuvi wa Mwanza aliyekuwa akiniazima kipima unyevu. Hakuwa profesa, lakini alikuwa ameniona Nansio, kisiwani Ukerewe, mvua ikiwanyeshea dagaa wa sampuli yangu yote. Wa tatu alinichukua muda kumpata.

Nilimwendea mhadhiri aliyetufundisha takwimu. Nilikuwa nimeshauriwa nisiulize "Unaweza kuniandikia barua?" kwa sababu swali hilo, kwa adabu zetu, jibu lake ni ndiyo tu, nani atamwambia kijana aliyemwamkia vizuri na kusimama mlangoni kwamba hapana? Kwa hiyo nilimuuliza kama anaona ananifahamu kiasi cha kuandika barua yenye uzito. Akavua miwani, akafikiri, akasema: "Kwa kweli nitaandika mistari mitatu. Nilikufundisha takwimu, ukafaulu, basi. Tafuta mtu mwingine." Mpaka leo namshukuru. Mistari mitatu ya uvuguvugu ni hatari kuliko nafasi tupu, kwa sababu nafasi tupu unaweza kuijaza na mtu mwingine mapema.

Na hapo ndipo pa kujifunza kusikiliza. "Nitajaribu," "Tutaona," "Nitumie tu hivyo vitu": kwa mwalimu wa kwetu haya mara nyingi ni hapana iliyovishwa kanzu. Ukiyasikia, shukuru, kisha tafuta mdhamini wa akiba siku hiyohiyo. Nafasi yangu ya tatu ilijazwa na profesa mmoja mstaafu aliyekuwa mtahini wa tasnifu yangu. Alinihoji saa nzima siku ya utetezi mpaka koo likanikauka, na kumbe mtu aliyekuhoji hivyo anakufahamu kuliko yule aliyekufundisha mihula miwili.

Kustaafu kwake kulileta jambo ambalo sikulitarajia. Vyuo vingi vya nje hutaka mdhamini atumie anwani ya barua pepe ya taasisi, kwa sababu mtu yeyote anaweza kufungua anwani ya bure na kujiita profesa. Wahadhiri wetu wengi wana anwani za chuo lakini hawazifungui, na wanaoishi kwenye Gmail na Yahoo ni wengi mno. Mstaafu ndiyo kabisa, ya chuo imeshafungwa. Mfumo mmoja ulitoa onyo la rangi nyekundu nilipoandika anwani yake. Niliiandikia ofisi ya udahili ya chuo hicho kueleza hali ilivyo, wakajibu kwamba atumie anwani yake binafsi, ila barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya idara aliyoitumikia, na aandike wadhifa wake wa mwisho na namba ya simu. Mkuu wa idara akaridhia itumike nembo hiyo. Kwa msimamizi wangu, ambaye bado yuko kazini, nilimwomba kwa heshima atumie anwani ya chuo, akacheka na kusema nywila yake ameisahau tangu mwaka juzi. Tukaenda pamoja kwa mtu wa TEHAMA ghorofa ya chini, akaipata upya.

Muhuri, kwa taarifa yako, hakuna aliyeuulizia. Sisi bila muhuri barua hatuihesabu kuwa barua. Wao wanaangalia imetumwa kutoka anwani gani.

Sasa nije kwenye jambo zito. Mmoja wa wadhamini wangu, akiwa amezungukwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, aliniambia kwa upole kabisa: "Wewe iandike, niletee nisaini." Yeyote aliyesoma huku kwetu amewahi kuambiwa hivyo. Si uvivu. Mhadhiri ana wanafunzi wa shahada ya kwanza mia kadhaa, tasnifu za kusimamia, vikao, na pengine kozi za jioni, na barua za wadhamini hazimo kwenye hesabu za kumpandisha cheo. Wengine huona kabisa kwamba wanakusaidia: uandike utakavyo, ujisifie.

Sikuiandika, na sababu zangu zilikuwa za kimkakati kama zilivyokuwa za uadilifu. Vyuo vingi vinasema wazi kwamba barua lazima iwe ya mdhamini mwenyewe, na udahili unaweza kufutwa ikigundulika vinginevyo. Hilo moja. Lakini hata isipogundulika, mtu hajui kujisifu kwa sauti ya mwalimu wake. Utaandika "mchapakazi, mwenye bidii, mwenye kujituma" kwa sababu kalamu inaona haya. Hutathubutu kuandika kwamba wewe ni miongoni mwa wanafunzi watatu bora aliowasimamia tangu aanze kazi, na huenda hivyo ndivyo anavyoamini. Na mtu akiandika barua zake zote tatu, zinafanana miondoko. Kamati inayosoma mamia ya mafaili haihitaji mtaalamu kuliona hilo.

Nilimjibu hivi: "Prof, naona haya kujiandikia. Naomba nikuletee kumbukumbu zote mahali pamoja, wewe uchukue unachoona kinafaa." Nikamletea kurasa mbili. Ziliorodhesha kozi alizonifundisha na alama zake, kichwa cha tasnifu, tarehe ya utetezi, mambo aliyonikosoa na nilivyoyarekebisha, mkutano ambapo niliwasilisha matokeo, maelezo mafupi ya programu ninayoomba na kwa nini naiomba, pamoja na wasifu wangu na pendekezo la utafiti. Hakuna sentensi moja ya kujisifu, ni matukio tu. Alisoma mbele yangu, akafika mahali akasema, "Ah, kumbe ni wewe uliyehesabu mwezi!" Hapo nikajua barua ipo.

Habari ya mwezi ni hii. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea wavuvi hawatoki kwa sababu taa hazivuti samaki. Ratiba ya utafiti niliyokuwa nimepewa ilihesabu wiki za kalenda, kwa hiyo wiki nyingine ningefika mwaloni, ufukweni dagaa wanakoshushwa, nikute mitumbwi imepumzika na mchanga mtupu. Nikaipanga upya yote ifuate giza la mwezi. Kwangu lilikuwa jambo dogo, la mtu aliyekulia kanda ya ziwa. Kwa msimamizi wangu lilikuwa ushahidi kwamba mwanafunzi anaweza kuuona ubovu wa mpango wake na kuurekebisha bila kungoja kuambiwa. Aliliandika. Nilikuja kujua baadaye kwa sababu waliponisaili waliniulizia hilohilo.

Simlaumu aliyelazimika kuandika mwenyewe; wapo wadhamini ambao hawataandika hata ukiwaletea kurasa kumi. Lakini jaribu kwanza njia ya kumbukumbu.

Barua za kwetu zina mtindo wao. "Namfahamu kwa miaka mitano. Ni mtiifu, mwaminifu, mcha Mungu, anashirikiana vizuri na wenzake. Nampendekeza bila kusita." Hiyo ni barua nzuri ya kuombea kazi ya uhasibu kwenye shirika la dini. Kamati ya uzamivu inatafuta vingine: anaweza kuuliza swali lake mwenyewe? Akipata matokeo asiyoyatarajia anafanya nini? Anaandika? Anaweza kufanya kazi bila kusukumwa? Fomu nyingi za Marekani zina hata jedwali la kumpanga mwombaji: yuko kwenye asilimia moja ya juu ya wanafunzi uliowafundisha, au tano, au kumi, au ishirini na tano? Mwalimu wetu asiyependa makuu, aliyefundishwa kwamba sifa nyingi humharibu mtoto, huweka alama kwenye ishirini na tano akiamini amekupamba. Mwingine huandika "kazi yake ilikuwa nzuri," na kwake neno hilo ni kubwa, hulitoa mara moja kwa mwaka. Mmarekani anayesoma barua nyingine zinazosema huyu ni wa pekee katika kizazi chake ataona kwamba huyu wa "nzuri" kuna kitu mwalimu wake anakificha.

Siwezi kumfundisha profesa wangu kuandika, wala wewe usijaribu. Unachoweza ni kumpa maelezo ya jedwali hilo mapema, kama taarifa: "Prof, fomu yao ina kipengele cha asilimia, nimeona nikutaarifu ili usishtukizwe." Yeye ataelewa.

Kuna jambo la alama pia, na hapa mdhamini ana kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Katika vyuo vyetu vingi vya Tanzania GPA ni kati ya 5.0, daraja la kwanza huanzia 4.4, na la pili la juu ni kuanzia 3.5 hadi 4.3. A huanzia alama 70. Msomaji wa nje aliyezoea A ya 90 akiona 72 kwenye transkripti anadhani umeponea chupuchupu. Akiona 3.9 kati ya 5 anapiga hesabu ya asilimia na kukuweka kando. Sentensi moja ya mdhamini, kwamba katika darasa letu la uzamili waliopata A kwenye somo hili walikuwa wachache na huyu ni mmoja wao, hufuta kutoelewana huko kote. Nikiandika mimi ni utetezi. Akiandika yeye ni ushahidi. Nililiweka hilo kwenye zile kurasa mbili, na naamini ndilo lililonifaa kuliko yote baada ya mwezi.

Kwa wanawake niongeze hili. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha utafiti wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kwa waombaji wa kazi katika chuo kimoja kikubwa cha tiba Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi, zilikuwa na maneno zaidi ya kutia shaka, na zilisifu juhudi pale ambapo za wanaume zilisifu utafiti na uwezo. Niliposoma hayo nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikitambulishwa kwenye semina za idara: "binti yetu mchapakazi sana." Mwenzangu wa kiume, tuliyekuwa na alama sawa, aliitwa "mtafiti anayechipukia." Ndiyo maana kumbukumbu nilizopeleka hazikuwa na neno bidii hata mara moja. Zilikuwa na vipimo, mbinu na matokeo, ili mwandishi akose pa kuning'inizia ubinti.

Fomu za Marekani zitakuuliza pia kama unaachia haki ya kuja kuisoma barua. Sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi humpa mwanafunzi aliyedahiliwa haki ya kuona faili lake, barua zikiwemo, isipokuwa ameiachia haki hiyo. Iachie. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma hupewa uzito mdogo, na mdhamini akijua utaisoma atazunguka maneno. Kama humwamini mtu kiasi hicho, tatizo si fomu.

Taratibu za mfumo zenyewe zinachosha kuzisimulia, ila zinaangusha watu. Kila chuo kina mfumo wake na linki yake. Wadhamini watatu kwa vyuo vitano ni linki kumi na tano, na nusu zitaangukia kwenye spamu. Mifumo mingine humwandikia mdhamini siku unapoweka jina lake, mingine husubiri mpaka uwasilishe maombi yote, kwa hiyo ukiwasilisha saa ya mwisho umemnyima mdhamini muda bila kujua. Tarehe za Marekani nyingi huangukia Desemba mosi au Desemba 15, wakati vyuo vyetu viko kwenye mahafali. Na saa zenyewe zina mtego: saa sita usiku ya New York wakati wa baridi ni saa mbili asubuhi ya siku inayofuata Dar es Salaam, na saa sita mchana ya London ni saa tisa alasiri. Niliwaandikia wadhamini jedwali moja lenye jina la chuo, linki inatoka kwa nani, na mwisho lini kwa saa zetu.

Kukumbusha ndiko kulikonisumbua zaidi, kwa sababu za malezi. Mtu aliyekufundisha humfuatifuati kama mdeni. Nilichogundua ni kwamba mwenye ufunguo ni katibu muhtasi. Yule mama wa ofisi ya msimamizi wangu alinitazama nimekaa kwenye benchi asubuhi nzima, akaniuliza, "Mwanangu, barua yako ni ya lini?" Nikamwambia. Akafungua shajara ya Profesa na kuandika kwa kalamu ya bluu, "BARUA YA DAGAA", siku tatu kabla ya mwisho. Tangu hapo nilikuwa namsalimia yeye kwanza.

Kwa wasio na katibu nilituma ujumbe wa WhatsApp, mfupi, wenye salamu, tarehe na linki:

"Shikamoo Prof. Pole na majukumu ya mahafali. Nakukumbusha kuhusu barua ya chuo cha pili, mfumo unafungwa Alhamisi saa mbili asubuhi kwa saa zetu. Linki nimeituma tena sasa hivi kwenye imeili yako ili usihangaike kuitafuta. Asante sana."

Hakuna aliyekasirika. Mmoja alinijibu, "Vizuri umenikumbusha, nilidhani nimeshatuma." Wengi wanachelewa kwa kusahau, na aliyesahau hukushukuru ukimkumbusha kwa adabu.

Norwei walikuwa tofauti. Kule, kama ilivyo Uswidi na Uholanzi, nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mshahara, inatangazwa kama kazi, na wanachotaka mwanzoni huweza kuwa majina na namba za wadhamini tu. Baada ya usaili wanapiga simu. Niliwataarifu wote watatu siku ileile nilipoitwa kwenye usaili: mnaweza kupigiwa, namba itaanza na +47, watauliza hiki na hiki. Jirani yangu wa hosteli hakupata bahati hiyo. Mdhamini wake alipigiwa akiwa kwenye daladala, hajui hata kama kijana ameomba, akasema kwa ukweli wake wote kwamba inabidi aangalie kwenye faili.

Mimi, watu wa Norwei walimpigia yule mtafiti wa Mwanza. Alikuwa Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kelele za makuli na mashine za barafu, akawaomba wampigie tena saa kumi akiwa ofisini. Walipiga. Walimuuliza huyu binti anafanya nini mambo yakiharibika, naye akawasimulia ile mvua ya Nansio: sampuli zimelowa, nimekaa chini nikalia kidogo, kisha nikaanza kupima unyevu wa dagaa waliolowa kwa sababu, nilivyomwambia, hao ndio dagaa ambao akina mama huuza kwa hasara. Kipimo kile kiliingia kwenye tasnifu kama sehemu nzima. Nilipata nafasi hiyo. Marekani nilikataliwa kote, na niliwapigia wadhamini wote kuwaambia matokeo, ya kukubaliwa na ya kukataliwa, maana mtu aliyejaza fomu tano kwa ajili yako anastahili kujua zimeishia wapi.

Siku hizi naombwa mimi. Mwaka huu kijana mmoja niliyemfundisha alinitumia ujumbe usiku: "Mwalimu, naomba barua ya uzamivu, mwisho ni kesho." Nilimjibu kwamba siandiki kwa usiku mmoja, na kwamba anitumie pendekezo lake tulisome kwa ajili ya dirisha lijalo. Akanuna, sikumsikia kwa muda. Kisha likaja pendekezo, likiwa na makosa kadhaa na wazo moja zuri sana kuhusu sato wa kufugwa kwenye vizimba. Sasa ninayo ya kuandika.